Mwenye Chombo Ndiye Mwenye Njia

Mtu wa Bafwasende akitaka kwenda Kisangani, jambo la kwanza analouliza ni habari ya barabara. Je, mvua imenyesha? Malori yanapita? Mwenye pikipiki anadai kiasi gani? Ni safari ya kilometa 260 hivi, na kila mmoja wetu ana hadithi yake ya matope. Lakini mbele ya macho yetu iko njia nyingine iliyozitangulia barabara zote, nayo ni mto Lindi. Maji yanayopita hapa kwetu asubuhi yanashuka msituni, yanapokea mto Tshopo, kisha yanaingia katika mto mkubwa wa Kongo, chini kidogo ya Kisangani. Maji hufika bila kuuliza habari ya matope. Sisi ndio tunaohitaji chombo.

Leo nataka tuzungumze habari ya vyombo hivyo: mtumbwi, mashua, meli na kivuko. Ukisoma vizuri historia ya nchi yetu utaona jambo moja linarudi kila mara. Mwenye chombo ndiye mwenye njia. Asiye na chombo husimama ukingoni na kungoja, hata akiwa tajiri, hata akiwa na bunduki. Na mwenye chombo ameshika mkononi mwake roho za watu wengi, apende asipende. Hilo ndilo neno langu la leo, na mambo yafuatayo ni ushahidi wake.

Visiwa vya Wagiriki na kisiwa chetu

Katika nchi ya Wagiriki kuna visiwa vingi sana. Vile vinavyokaliwa na watu peke yake vinazidi 200. Mtu wa kisiwa kimoja hawezi kumtembelea nduguye wa kisiwa cha pili, wala kupata barua, wala kumpeleka mgonjwa wake kwenye hospitali kubwa, chombo kisipofika. Upepo ukichafua bahari na meli zikazuiliwa bandarini, kisiwa chote hukaa kungoja. Waliosoma Matendo ya Mitume wanaijua njia hiyo kituo kwa kituo. Mtume Paulo alipokuwa akienda Yerusalemu mara ya mwisho alipita Mitilene, Kio, Samo, Kosi na Rodo, akishuka chombo hiki na kupanda kile, kama abiria mwingine yeyote.

Labda msomaji atasema: Hayo ni mambo ya bahari, sisi tu watu wa msitu. Ngoja kidogo. Mji wetu mkubwa unaitwaje? Unaitwa Kisangani, na wengi hulieleza jina hilo kuwa maana yake ni "penye kisiwa". Hapo mto Kongo, baada ya kushuka maporomoko saba katika mwendo wa kilometa 100 hivi toka Ubundu, hupita kati ya miamba na visiwa. Hapo wanakaa Wagenia, wavuvi hodari, ambao husimamisha miti mikubwa katikati ya maji yaendayo kwa nguvu, na kutundika humo mitego yao mipana. Toka hapo kushuka hata Kinshasa hakuna maporomoko tena; ni mwendo wa kilometa 1,734 ambao meli huweza kuupita.

Basi Kisangani ni mwisho wa njia moja na mwanzo wa njia nyingine. Mahali pa namna hiyo kila msafiri lazima ashuke chombo kimoja na kutafuta kingine. Ndiyo maana nasema kwamba sisi nasi, ingawa bahari iko mbali, tu watu wa visiwa.

Mzee aliyekosa mtumbwi

Tuanze mbali kidogo, juu ya maporomoko, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba. Lualaba ndio huo huo mto Kongo kabla haujafika kwetu. Mwishoni mwa Machi 1871 alifika huko mzee mmoja Mskoti, David Livingstone. Alikuwa mgonjwa, amechoka, lakini alitaka jambo moja tu: kuufuata mto ule ajue unakwenda wapi, kwa maana alidhani huenda ndio mwanzo wa mto Nili.

Kwa jambo hilo alihitaji mitumbwi. Aliomba kununua, hakuuziwa. Aliahidi malipo mazuri, hakusadikiwa. Akakaa Nyangwe zaidi ya miezi mitatu akingoja. Kwa nini watu wa mto walimnyima? Si kwa roho mbaya. Walikuwa wameona kwamba mitumbwi ikitolewa kwa wageni, wageni huvuka ng'ambo, na wakivuka, vijiji huchomwa na watu hufungwa minyororo. Mtumbwi ulikuwa mlango wa nyumba yao. Nani hufungua mlango usiku kwa mtu asiyemjua?

Tarehe 15 Julai 1871 hofu yao ilionekana kuwa ya haki. Ilikuwa siku ya soko. Watu wengi, hasa wanawake, walikuwa wamevuka na bidhaa zao. Ghafula watu wa wafanya biashara wenye bunduki wakaanza kupiga risasi katikati ya soko. Watu wakakimbilia mitumbwi yao iliyopangwa penye kijito. Lakini mitumbwi ilikuwa imebanana, haikuweza kutoka, na waliojitupa majini walichukuliwa na mkondo. Kwa makadirio ya siku zile walikufa watu zaidi ya 300, na wengi wao walizama. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Moyo wake ukavunjika, akaacha safari ya mto, akarudi Ujiji. Habari aliyoiandika juu ya siku ile iliwaamsha watu wa Ulaya wapinge biashara ya watumwa.

Mashua ya vipande vipande

Miaka mitano baadaye akaja mtu wa namna nyingine, Henry Morton Stanley. Yeye hakutaka kungoja mtumbwi wa mtu. Alikuja na mashua yake mwenyewe, jina lake Lady Alice, iliyotengenezwa vipande vipande ili wapagazi waichukue kwa mabega toka pwani hata katikati ya bara. Penye maji huunganishwa, penye nchi kavu hufunguliwa. Tarehe 5 Novemba 1876 alitoka Nyangwe pamoja na Tippu Tip, mfanya biashara mashuhuri mwenye watu wengi. Tarehe 19 mwezi ule ule akaanza kuvuka Lualaba. Karibu na Krismasi Tippu Tip akarudi nyuma, na Stanley akaendelea kushuka kwa maji.

Mwezi wa Januari 1877 msafara wake ulifika kwenye maporomoko yetu saba. Hapo hata mwenye mashua alinyenyekea. Ilibidi wakate njia msituni na kuburuta mitumbwi mizito juu ya nchi kavu, poromoko moja baada ya jingine, huku wakipigana na wenyeji. Tarehe 1 Februari walipofika mdomo wa mto Aruwimi, walitokewa na mitumbwi ya vita. Stanley alihesabu 54, na ule mkubwa kuliko yote aliandika kwamba ulikuwa na wapiga kasia 80. Hebu fikiri, msomaji, ustadi wa watu wale: kuchonga mti mmoja uchukue watu 80, na kuwafundisha wote kuvuta kasia kama mtu mmoja! Hawakuwa watu waliokosa akili ya kusafiri. Mto ulikuwa wao kwa sababu vyombo vilikuwa vyao.

Stanley alifika Boma karibu na bahari tarehe 9 Agosti 1877. Tangu siku ile watu wa Ulaya walijua kwamba mto huu ni barabara kuu iliyofika katikati ya Afrika. Ilibaki kupata chombo cha kupita humo kwa nguvu.

Kituo cha kisiwani

Chombo hicho kilikuwa meli ya moshi. Lakini kati ya bahari na Kinshasa kuna maporomoko mengine makubwa, meli haziwezi kuyapanda. Basi Stanley, ambaye sasa alitumwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, alizichukua meli zake kama alivyoichukua Lady Alice: vipande vipande, kwa nguvu za wapagazi. Meli ya kwanza iitwayo En Avant iliwekwa majini kule juu mwaka 1881. Wamisionari Waprotestanti wa Kiingereza walileta yao, Peace, mwaka 1884. Kila bamba la chuma la meli hizo lilipandishwa milima kwa jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Tusiposahau jina la meli, tusiwasahau na hao.

Tarehe 1 Desemba 1883 meli tatu, En Avant, Royal na A.I.A., zilifika chini ya maporomoko yetu. Wagenia walizitazama zikitoa moshi. Stanley alipatana na wenyeji, akaweka kituo chake katika kisiwa kiitwacho Wana Rusari. Msimamizi wake alikuwa Andrew Binnie, Mskoti, fundi wa mitambo. Alimwacha hapo pamoja na askari wachache, kisha meli zikageuka zikaenda zao. Binnie akabaki kisiwani, mbali sana na kituo cha wenzake, asijue lini atasikia tena mlio wa meli.

Huo ndio mwanzo wa mji wa Stanleyville, na ulikuwa mwanzo wa hatari. Mwaka 1886 msimamizi wa kituo alikuwa Walter Deane. Aligombana na Waarabu waliokaa hapo kwa ajili ya mwanamke mmoja mtumwa aliyekimbilia kwake. Deane alikataa kumrudisha. Mwezi wa Agosti vita vikaanza. Siku chache tu zikapita, risasi zikaisha, na hakuna meli iliyofika kwa wakati. Deane akakichoma moto kituo, akatoroka usiku. Mwenziwe Dubois alizama mtoni walipokuwa wakijaribu kutoka kisiwani. Deane mwenyewe alizunguka msituni siku nyingi, akilishwa na wenyeji waliomhurumia, mpaka meli ikaja kumchukua.

Tuangalie vizuri hapo. Yule aliyekuja kwa meli za moshi, siku meli zilipokosekana, alikuwa maskini kuliko mvuvi Mgenia mwenye mtumbwi wake wa mti. Na waliomwokoa ni watu wa msitu, waliompa chakula bila kudai nauli.

Tippu Tip hakuwako hapo mambo hayo yalipotokea. Mwezi wa Februari 1887 alipatana na Stanley kule Unguja kwamba awe wali wa maporomoko kwa niaba ya Mfalme Leopold. Safari aliyoifanya kuja kwenye kazi yake ni ya ajabu. Kwa miguu alikuwa amezoea kutoka pwani ya mashariki kuja hapa. Mara hii alipanda meli Unguja, akaizunguka Afrika yote kwa kusini, akaingia mdomo wa mto Kongo, akapanda meli nyingine iitwayo Henry Reed, akafika Kisangani mwezi wa Juni. Baadaye aliandika mwenyewe habari za maisha yake kwa Kiswahili. Nayo lugha hii tunayoisoma leo katika gazeti letu ilifika katika nchi hii zamani zile, kwa mdomo wa wafanya biashara, wapagazi na wapiga kasia.

Meli inayokula kuni

Meli za zamani zilikula kuni. Jioni ilipofika nahodha alitafuta ukingo, kwa kuwa hakuthubutu kwenda gizani kati ya mafungu ya mchanga. Watu wakashuka na mashoka, wakakata miti usiku, ili asubuhi tanuru ipate chakula. Mbele ya meli alisimama mtu mwenye mti mrefu, akipima kina cha maji na kupiga kelele. Baadaye viliwekwa vituo vya kuni kando ya mto, na watu wa vijiji vya karibu wakalazimishwa kukata. Zamani za Dola Huru ya Kongo kazi hiyo, pamoja na kazi ya mpira, iliwatesa watu wengi, na meli zilizopanda na bidhaa zilishuka na pembe za ndovu na mpira uliopatikana kwa machozi. Mwaka 1890 alipita katika meli iitwayo Roi des Belges baharia mmoja wa asili ya Poland, Joseph Conrad. Alifika Kisangani mwezi wa Septemba, na mambo aliyoyaona katika safari ile ndiyo aliyoyatumia baadaye kuandika kitabu chake juu ya uovu wa ukoloni.

Kwa njia hiyo hiyo ya maji ilifika Injili. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alifika Stanley Falls, na siku ya Krismasi mwaka ule akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Mwaka 1908 alifanywa Askofu. Basi mto uliochukua minyororo ulichukua na msalaba. Chombo chenyewe hakichagui mzigo. Mwenye chombo ndiye anayechagua.

Mwaka 1898 reli ya Matadi ilifika Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Sasa meli kubwa ziliweza kuletwa kwa treni, na wapagazi wakapumzika kidogo. Mwaka 1906 ikafunguliwa reli ya kuyazunguka maporomoko yetu, kilometa 125 toka Stanleyville hata Ponthierville, yaani Ubundu. Toka Ubundu msafiri hupanda meli tena hata Kindu, kisha treni tena, na tangu mwaka 1915 reli ilifika ziwa Tanganyika. Meli, treni, meli, treni: hivyo ndivyo nchi ilivyoshonwa, kama fundi ashonavyo vipande vya kitambaa. Mahali pa hatari katika nguo ya namna hiyo ni pale penye mshono.

Ng'ambo ya kushoto

Na mshono mmoja uko Kisangani kwenyewe. Mji mkubwa umekaa upande wa kulia wa mto. Reli ya Ubundu huanzia upande wa kushoto. Hata leo hakuna daraja hapo juu ya mto Kongo. Mtu anayetaka kuvuka lazima apande kivuko au mtumbwi. Kila siku huvuka wafanya kazi, wanafunzi, akina mama wenye mihogo na ndizi, wagonjwa, na hata maiti wanaopelekwa kwao kuzikwa. Siku zote mto ni mpana kiasi kile kile, lakini kuna siku upana wake huwa kama bahari.

Siku za namna hiyo zilikuwa Novemba 1964. Waasi walioitwa Simba walikuwa wameushika mji tangu mwezi wa Agosti, na waliwashika wageni wengi, wamisionari miongoni mwao. Tarehe 24 Novemba askari wa Kibelgiji walishuka kwa miavuli toka angani, wakaingia mjini. Wengine waliuawa barabarani dakika za mwisho, lakini wengi wa upande wa kulia waliokoka siku ile. Ng'ambo ya kushoto walikuwako wengine waliozuiliwa. Waliweza kusikia milio ya bunduki na kujua kwamba msaada umefika. Lakini msaada haukuvuka siku ile, wala siku iliyofuata. Ulipovuka, wengi wao walikuwa wamekwisha kuuawa. Na Wakongo waliokufa katika vita ile, upande huu na upande ule, ni wengi mno kuliko wageni. Wazee wetu wanaokumbuka hawapendi kuyataja.

Mji na mji, mto katikati, na uzima na mauti viliamuliwa na swali moja: nani amevuka na nani hajavuka.

Miaka ya vita vilivyoanza mwaka 1998 tuliliona tena jambo hilo kwa njia nyingine. Nchi iligawanyika, mto ukafungwa kati ya Kinshasa na Kisangani. Meli zilizoleta chumvi, sabuni, nguo na dawa hazikuja tena. Ndipo watu wa ndani, pamoja na sisi wa msituni, walipojua kwamba hata mtu asiyepanda meli maisha yake yote huishi kwa meli. Njia ya mto ilipofunguliwa tena mwaka 2003, watu walisimama ukingoni kutazama vyombo vya kwanza vikifika, kama wale wa zamani walivyozitazama meli za moshi. Safari hii kwa furaha.

Mzigo uliozidi

Sasa tuseme habari za siku zetu. Meli kubwa za zamani ni chache. Mahali pake zimeshika mashua ndefu za mbao zenye mota. Zinasaidia sana, bila hizo biashara ingekufa. Lakini nyingi hubeba kupita kiasi, hutembea usiku bila taa, na abiria hulala juu ya magunia. Kila mwaka tunasikia habari za misiba katika mito na maziwa yetu.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iitwayo Merdi, iliyotoka Minova, ilizama katika ziwa Kivu ilipokuwa ikikaribia Kituku, bandari ya Goma. Watu waliosimama pwani waliwaona ndugu zao wakizama. Ndugu zetu wa Tanzania nao wamelia. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere, kilichotoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe kwenda kisiwa cha Ukara, kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika. Kilikuwa na ruhusa ya kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Hesabu hiyo haihitaji maelezo.

Angalia, msomaji: vyombo hivyo vyote vitatu vilikuwa si mbali na nchi kavu. Wazee walisema, usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Nasi tuongeze: usimshukuru nahodha kabla mguu haujakanyaga ukingo.

Ni kosa la nani? Ni rahisi kumlaumu mwenye chombo, na kweli yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Anajua uzito chombo chake kinaoweza kuchukua, lakini anaona nauli ya watu kumi zaidi. Wa pili ni mkubwa wa bandari anayegeuza uso. Lakini wa tatu ni sisi. Tunaona maji yamefika karibu na ukingo wa mashua, na bado tunapanda, kwa sababu soko ni la leo. Tukiambiwa tungoje chombo cha kesho tunakasirika kama tumetukanwa. Livingstone alikosa mtumbwi akarudi mzima kwa miguu. Sisi tunapata mtumbwi na kuzama nao.

Abiria 276

Nitamaliza kwa safari nyingine ya Mtume Paulo, ile ya mwisho kwenda Roma, katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Wengi huisoma kama habari ya mwujiza. Mimi naomba tuisome kama habari ya chombo.

Walikuwa katika kisiwa cha Krete, na wakati mzuri wa kusafiri ulikuwa umepita. Paulo aliwaonya wasiondoke. Lakini mkubwa wa askari aliyemlinda aliwasadiki nahodha na mwenye meli kuliko mfungwa. Mwenye meli alikuwa na mzigo wa ngano wa kufikisha. Wakaondoka, na dhoruba ikawakamata. Mwishowe walitupa mzigo baharini. Waliokataa kungoja kwa ajili ya mali waliitupa mali kwa mikono yao wenyewe.

Kisha usiku mmoja mabaharia walijua kwamba nchi iko karibu. Wakateremsha mashua ndogo kwa hila, wakitaka kujiokoa wao na kuwaacha abiria. Paulo akawaambia askari kwamba watu hao wasipokaa merikebuni hakuna atakayeokoka. Askari wakakata kamba, mashua ikaenda zake tupu. Sasa wote walikuwa katika chombo kimoja, mabaharia, askari, wafungwa na mwenye meli, na hakuna aliyekuwa na mlango wake wa siri. Meli ilivunjika penye kisiwa cha Malta, lakini watu wote 276 walifika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Naona jambo lile ndilo lililokosekana mara nyingi katika historia ya mto wetu. Kule Nyangwe wenye bunduki hawakuwahesabu watu wa mitumbwi kuwa wenzao. Katika zamani za mpira wenye meli hawakuwahesabu wakata kuni. Na leo mwenye mashua anayejaza watu kama magunia, huku yeye mwenyewe amekaa ukingoni akihesabu fedha, ameteremsha mashua yake ndogo kwa hila.

Basi, ndugu msomaji wa Bafwasende, siku utakapofika Kisangani na kusimama ukingoni, ukitazama ng'ambo ya kushoto, kumbuka kwamba maji unayoyaona yatakutana na maji ya Lindi yetu, yanayoingia huko chini kidogo. Kabla hujapanda, tazama maji yamefika wapi kwenye ubavu wa chombo. Ukiona yamepanda mno, rudi nyuma, na umshike mkono mwenzako arudi nawe. Mwenye chombo atakasirika. Kesho, utakapomwuliza tena nafasi, atakuwa hai kukujibu.